Kasaji: veyezi ndani ya klinyota, lakini klinyota isipotee

Mangaribi, wakati wa kiangazi, kamyo moja ikipita kwenye barabara ya Dilolo, vumbi yake inabaki hewani muda mrefu. Nyuma ya ile vumbi kunakuja nini? Unaona paka nukta moja ya mwangaza. Inaweza kuwa pikipiki iliyo karibu kabisa. Inaweza kuwa motoka ya jicho moja iliyo mbali. Inaweza kuwa mtu wa kinga mwenye tochi. Mama anayetaka kuvuka na beseni yake kichwani iko na sekunde mbili ao tatu za kuamua, na hesabu yake yote inasimama juu ya ile nukta moja.

Kolwezi na Kasaji zinaachana kwa zaidi ya kilometa 200. Reli iko, tangu 1931 inafika mpaka Dilolo na kuungana na ile ya Angola, lakini mtu mwenye haraka hangojee treni. Anapanda pikipiki. Mgonjwa anapanda pikipiki, saki ya makala inapanda pikipiki, mwalimu anayefuata mshahara wake anapanda pikipiki. Na pahali lami haijafika, giza ya nje ya mji ni giza kweli. Jua la kwetu halichelewi kuaga: likishuka, nusu saa haiishi, umeisha kuwa usiku.

Njo maana wamotari, ao manseba kama wengi wanavyowaita, wanapenda kuongeza taa. Na kati ya taa zote wanazoongeza, kuna moja ambayo ina akili kuliko zingine: kufanya zile klinyota mbili za mbele ziwake kidogo wakati wote, kama veyezi, moja kushoto na moja kuume. Haichomi macho ya mtu. Haihitaji chuma kipya. Na inabadilisha kabisa namna pikipiki inavyoonekana, kwa sababu sasa haiko tena nukta moja. Iko na upana.

Juu ya nini upana ni kitu? Jicho letu linapima kitu kinachokuja kwa kuangalia namna kinavyopanuka. Motoka yenye fare mbili ikikaribia, zile fare zinaachana mbele ya macho yako, na unajua bila kufikiri kwamba inakimbia. Nukta moja haiachani na chochote. Watafiti wa chuo cha Royal Holloway, University of London, walipima jambo hilo na kuandika matokeo yao mwaka 2012: usiku, watu walikosea sana kupima mwendo wa pikipiki yenye fare moja, na walipoongeza taa ndogo pembeni zilizofanya pembetatu pamoja na fare, watu wakaanza kupima vizuri zaidi. Hata kabla ya hapo, mwaka 1981, Harry Hurt na wenzake wa chuo cha University of Southern California waliisha kuchunguza ajali 900 za pikipiki kule Los Angeles. Jibu lililorudi mara nyingi kwa dereva wa motoka lilikuwa lile tunalolijua hata sisi: hakuiona pikipiki, ao aliiona wakati umepita. Malaysia, inchi ya pikipiki nyingi kama yetu, ililazimisha fare iwake hata mchana tangu 1992, na uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba ajali za kutoonekana zilipunguka karibu 29 kwa mia.

Kule Marekani, pikipiki nyingi zinatoka kiwandani na klinyota za mbele zinazowaka kidogo wakati wote. Donki si ufundi wa mtaani uliobuniwa na vijana wa fantezi. Ni kitu kinachojulikana. Shida iko kwenye namna ya kukifanya.

Sababu klinyota iko na kazi yake, na kazi ile si ya kuonekana. Veyezi inasema: niko hapa. Klinyota inasema: naenda kule. Ni maneno mawili tofauti, na ukiyatia katika kinywa kimoja bila mpango, moja litameza lingine. Nimeangalia pikipiki ambazo taa zao za mbele zinawaka vizuri sana, rangi ya machungwa safi, na motari anapobonyeza kwenda kushoto hakuna anayeona kitu. Yeye mwenyewe anaamini ameisha kusema. Kamyo iliyo nyuma yake ao mbele yake haikusikia neno. Pikipiki ile ni hatari kuliko ile isiyo na klinyota kabisa, kwa sababu mwenye kukosa klinyota angalau anatoa mkono.

Tuseme motari anafika ku garaji. «Yaya, niwekee taa za mbele ziwake kila saa.» Fundi mwenye haraka anafanya nini? Anachukua waya wenye umeme wa kontakti, anaukamatisha kwenye waya wa klinyota ya kushoto na wa klinyota ya kuume. Zinawaka. Motari anafurahi, analipa, anaenda. Lakini sasa zile waya mbili zimekuwa waya mmoja, na umeme uko ndani wakati wote. Ukibonyeza kushoto, santrali ya klinyota haina tena kitu cha kuwasha wala kuzima. Ao zote nne zinabaki wazi, na batri inaisha. Hakuna diodi wala ujanja wowote unaoweza kuokoa muunganiko wa namna ile. Unakatwa, kazi inaanza upya.

Namna ya kwanza iliyo sawa inatoka kwa ampuli ambayo kila fundi ameisha kuikamata mkononi: ile ya nyuma, ya 21/5. Ndani yake kuna nyuzi mbili. Ule wa wati 5 unawaka usiku kucha, ule wa wati 21 unawaka ukikanyaga freni. Mtu anaweza kusema: wati 21 kwa wati 5, ni mara nne tu. Hapana. Ukihesabu mwangaza wenyewe, uzi mkubwa unatoa karibu lumeni 440 na uzi mdogo karibu 35. Ni mara kumi na mbili. Njo sababu, hata usiku, unaona freni ya mwenzako bila kujiuliza. Hiyo tofauti ya mara kumi ao zaidi njo siri yote ya kazi hii, na fundi atakayeikumbuka hatakosea hata akitumia vitu vya namna gani.

Lakini kuingiza ile 21/5 ndani ya klinyota za Boxer, TVS ao Haojue ya taksi si vyepesi. Klinyota zao nyingi zilifanyiwa ampuli ya wati 10. Nyumba yake ni plastiki ndogo. Ukiipa wati 21 inapata joto, kioo kinaanza kujikunja. Tena ile soketi inabeba mguso mmoja chini, na 21/5 inahitaji miwili. Pini zake za pembeni hazilingani urefu, na wengine wanazikata na tupa ili iingie kwa nguvu. Ikiingia imegeuka, uzi mkubwa unafanya kazi ya mdogo. Na santrali iliyopimwa kwa wati 10 mbili haitafurahia wati 21 mbili. Kwa pikipiki kubwa yenye klinyota pana, sawa. Kwa pikipiki ya taksi, mimi singeshauri.

Namna ya pili njo napenda. Unaacha ampuli ya wati 10 pale pale, na waya zake, na santrali yake, haugusi kitu. Pembeni yake, ndani ya kioo kile kile ao chini yake kidogo, unaweka ledi ndogo yenye waya zake mbili peke yake. Mambo mawili, njia mbili. Klinyota ikikufa, veyezi inabaki. Veyezi ikikufa, klinyota inabaki.

Hapa kuna mtego unaokamata hata mafundi wazuri. Wanasoma «wati 1» kwenye ledi na wanasema ni ndogo, mara kumi chini ya ampuli. Kumbe wati ya ledi si wati ya ampuli. Ampuli ya wati 10 inatoa karibu lumeni 125. Ledi ya wati 1, ikiwa nzuri, inaweza kufika 80 ao 100. Donki umeweka taa mbili karibu sawa ndani ya chumba kimoja, na ile moja haizimi. Ukibonyeza klinyota, mtu wa mbali anaona mwangaza unaotetemeka kidogo, basi. Tafuta ledi ya robo ya wati ao chini yake, ao weka rezistansi inayoipunguza nguvu. Ikionekana hafifu mchana ukiwa umesimama karibu, usiogope. Usiku, penye giza ya Kasaji, itaonekana mbali.

Wengine wanafikiri: tuweke rele, klinyota ikiwaka veyezi izime. Wazo ni zuri, lakini rele ya kawaida inafanya kitu kibaya. Klinyota ikiwaka, veyezi inazima. Klinyota ikizima kwa nusu sekunde, veyezi inarudi. Zinapokezana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Pahali pale hapabaki giza hata mara moja, na bila giza hakuna kupepesa. Kuna vifaa vidogo vinavyoziacha veyezi zimezimwa mpaka umalize kugeuka kabisa, vile vinafaa. Rele peke yake hapana.

Namna ya tatu ni kununua klinyota za ledi zilizofanywa tayari, zenye waya tatu: moja ya masi, moja ya veyezi, moja ya kupepesa. Rangi za zile waya hazina sheria. Nyeusi mara nyingi ni masi, lakini «mara nyingi» imechoma vitu vingi. Jaribu kwanza na batri kabla ya kukata hata waya moja ya pikipiki. Na ukiweka ledi mahali pa ampuli zote nne, jua kwamba mambo mawili yatakuja kukuuliza.

La kwanza ni santrali. Ile ya zamani inafanya kazi kwa kusikia uzito wa ampuli. Ledi ni nyepesi, santrali inafikiri ampuli imekufa: inakimbia tik-tik-tik kama saa ya wazimu, ao inakataa kabisa. Klinyota inatakiwa kupepesa kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Badilisha santrali, weka ya elektroniki. Wengine wanaongeza rezistansi kubwa ili kuidanganya; inafanya kazi, lakini inakula umeme ule ule uliotaka kuchunga na inapata joto kali karibu na plastiki.

La pili linaumiza kichwa zaidi: unabonyeza kushoto, pande zote mbili zinapepesa. Fundi anatafuta waya uliogusana, hapati. Hautapatikana. Kwenye pikipiki nyingi ndogo kuna kitaa kimoja tu cha klinyota mbele ya macho ya motari, na kimefungwa kati ya waya wa kushoto na waya wa kuume. Kushoto ikipata umeme, unapita kwenye kitaa, unatafuta masi kupitia ampuli za kuume. Ampuli kubwa haziwaki kwa umeme mdogo namna ile, kwa hiyo hakuna anayejua. Ledi zinawaka kwa kitu kidogo. Dawa yake ni diodi mbili za 1N4007, zile nyeusi zenye mstari mweupe ambazo kila mtengeneza redio iko nazo ndani ya kikopo. Moja inatoka kushoto, moja inatoka kuume, mistari yao inakutana kwenye waya mmoja wa kitaa, na waya wa pili wa kitaa unaenda masi. Imekwisha.

Sasa, umeme wenyewe utautoa wapi? Wengi wanakimbilia waya wa fare kwa kuwa uko karibu. Angalia vizuri. Kwenye pikipiki nyingi ndogo, fare na taa ya nyuma hazikuli umeme wa batri. Zinakula moja kwa moja umeme wa alternateri, ule unaogeuka-geuka, unaopanda ukiongeza gazi na kushuka ukipunguza. Ledi ikiwekwa pale inatetemeka, kisha inakufa. Namna ya kujua haihitaji chombo cha bei. Zima injini, acha kontakti wazi, washa fare. Ikiwaka, ni ya batri. Isipowaka mpaka upige kiki, ni ya alternateri, achana nayo. Tafuta waya wa honi ao wa swichi ya freni, ule unaopata umeme kontakti ikifunguliwa. Na kwenye waya wako mpya, karibu na pale ulipoanzia, weka fizibu ndogo ya ampere 2. Si karatasi ya sigara. Waya mwembamba ukigusa chuma chini ya tanki la esansi, ile fizibu njo inakutenga na moto.

Hesabu ya batri tuifanye pamoja. Nyuzi mbili za wati 5 ni wati 10. Gawanya kwa volti 12, unapata karibu ampere 0,8. Batri ya 5 Ah, ikiwa mpya, itakaa saa sita injini ikiwa imezimwa, na yenye miaka miwili haifiki hata nusu. Motari anayengoja abiria gare huku kontakti iko wazi ili asikilize muziki, jioni atasukuma. Ledi mbili za robo wati ni ampere 0,04 tu. Utasahau kontakti usiku mzima na asubuhi demareri itageuza.

Kisha kuna barabara. Fundi wa Lubumbashi anaweza kufunga waya na skochi, akalala. Kwetu, mashimo ya Mutshatsha yatafungua kila kitu kilichofungwa vibaya. Pahali unaposude, waya unakuwa mgumu, na unakatika pale pale ugumu unapoishia. Basi ufunge kwenye chuma ili usicheze. Kwenye shingo ya gido acha waya wa ziada uliolegea, kisha geuza gido kushoto kabisa na kuume kabisa kabla ya kufunga boma. Mvua za Oktoba zikianza, maji yataingia ndani ya kioo, utake usitake: toboa kitundu kidogo chini ili yatoke.

Na uangalie waya unaonunua. Kwangua kidogo na kisu. Ikiwa ndani ni nyeupe na nje tu ni nyekundu, ni aluminiumu iliyopakwa shaba. Inavunjika upesi na inakataa kusudiwa. Inashangaza kuuziwa waya wa namna ile mu Lualaba, tunapokanyaga shaba kila siku, lakini njo biashara.

Rangi nazo si mambo ya kupendeza tu. Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya mwendo wa barabarani, ambao inchi yetu imo ndani tangu 1977, unataka klinyota iwe ya rangi ya machungwa, na taa nyekundu isionyeshwe mbele. Sababu ni nyepesi: mtu akiona nyekundu usiku anaamini anaangalia mgongo wa kitu kinachoenda, kumbe ni uso wa kitu kinachokuja. Bluu ni ya polisi na ya ambulansi. Zile taa za disko zinazobadilisha rangi tatu kwa sekunde moja, mimi ningezitoa zote kesho asubuhi. Hazionyeshi upana, hazionyeshi upande, na zinafundisha macho ya watu kutojali taa inayopepesa.

Nyuma, acha klinyota kama zilivyo. Pale kuna taa nyekundu tayari, na shida ya nyuma ni nyingine: ni mzigo. Saki mbili za makala zikifungwa pembeni, klinyota za nyuma zimezikwa, hata ungeweka taa ya treni. Kwa mwenye kubeba saki kila siku, taa nyekundu na riflekta zinatakiwa kuhamia kwenye ncha ya kerie, pale mzigo unapoishia.

Kitu kimoja kidogo tena, cha bei ndogo: bipu. Klinyota za pikipiki hizi hazijizimi zenyewe. Mchana motari hakioni kile kitaa chake, na anaweza kwenda kilometa nzima akisema «nageuka kushoto». Bipu iliyofungwa pamoja na kitaa itamkumbusha, hata kama abiria atalalamika.

Kazi ikiisha, usilipe bado. Ngoja usiku uingie. Fundi abaki na pikipiki, injini inatembea, fare inawaka kama ya safari. Wewe tembea hatua mia moja mbele yake, ugeuke. Yeye abonyeze upande anaoutaka bila kukuambia. Ikipepesa mara mbili na umeisha kujua ni upande gani, lipa. Ikipita mara tatu, nne, na ungali unakunja macho, veyezi ina nguvu mno: rudi, ipunguze, mjaribu tena. Kesho saa sita mchana, chini ya jua, mrudie jaribio lile lile kwa hatua hamsini.